Bibi wa Kukodi

Ikupa alikuwa ofisa wa forodha pale Kasumulu mpakani, na kazi ile ilikuwa imemharibu. Mtu akimsalimia kwa uchangamfu uliozidi kidogo, mkono wake ulimwasha kumfungulia buti la gari. Alikwisha kukuta simu zimefichwa ndani ya maboga na dawa za mifugo ndani ya jeneza, na tangu siku ile ya jeneza hakuna kitu duniani alichokiamini kwa kukitazama juu juu.

Jumapili moja alialikwa chakula cha mchana kwa jirani yake, Tabitha. Wali ulikuwa umeiva, samaki wamekaangwa, na watoto wa Tabitha walikuwa wamejilaza mkekani mbele ya kisanduku kidogo cha mbao kilichokuwa kikiwasimulia hadithi kwa sauti ya mwanamke mzee.

"Ndiyo bibi yao huyo," Tabitha alisema akicheka. "Mama yangu alifariki kabla hawajazaliwa, na mama mkwe unamjua mwenyewe, mtoto akimkaribia anafokewa. Nikaona nikodi tu. Siku hizi mtaa mzima wanakodi."

"Eee-hee, sasa sikieni, wajukuu zangu," kisanduku kilisema.

Ikupa alikuwa ameshafinyanga tonge. Kuna kitu katika ile eee-hee kilimgusa shingoni, akatulia asikilize. Bibi alisimulia habari za mama mmoja aliyezaa mtoto siku ya mvua kubwa, akamwita Lugano. Mtoto hakukaa. Alifungwa katika kipande cha kitenge cha kijani chenye picha za majogoo, akazikwa nyuma ya jiko, penye mgomba. Watu wakamkataza mama kulia, kwa kuwa mtoto mchanga namna ile haliliwi. Basi kila asubuhi mama akawa anachukua maganda ya ndizi, anakwenda kuyamwaga penye mgomba ule, watu wadhani anatupa taka, kumbe anainama na kusema, "Umeamkaje, baba?"

Tonge lilimganda Ikupa mkononi.

Nyumbani kwao Tukuyu jaa lilikuwa upande wa barabarani. Lakini mama yake, kila asubuhi ya Mungu, alipeleka maganda nyuma ya jiko, kwenye shina moja lile lile. Ikupa alipouliza, akiwa mtoto, aliambiwa mgomba ule una njaa kuliko mingine. Na kitenge cha majogoo alikijua vizuri kuliko alivyotaka. Kipande chake kilikuwa chini kabisa ya sanduku la mama, na siku Ikupa alipokichomoa ajifunge kichwani, alichapwa kofi ambalo mama yake hakuwahi kumchapa kabla wala baada ya hapo. Habari za mtoto anayeitwa Lugano, hata hivyo, hakuwa amezisikia hata siku moja.

"Haya, hadithi imekwisha," kisanduku kilisema. "Nendeni mkanywe chai, na msizidishe sukari."

Ikupa alishusha pumzi. Sukari! Basi si sauti ya mama.

Babu yake Ikupa, mzaa baba, aliitwa Asukile, na mwanamke wa Kinyakyusa aliyefundwa nyumbani kwao hatamki jina la baba mkwe wake, hata yule mzee akiwa kaburini, wala neno linalolikaribia jina hilo. Maisha yake yote mama yake Ikupa hakuwahi kusema sukari. Alisema "ile tamu." Mwenye duka wa pale mtaani, mtani wake, alizoea kumtegea. Akiambiwa apime ile tamu, anaweka kaunta asali, anaweka peremende, anaweka hadi miwa, mpaka mama amtishie kuhamia duka la pili. Hata benki na hospitalini, mama alipofikia jina la kati la mumewe alifunga mdomo na kungoja karani alijaze mwenyewe.

Lakini ile pumzi haikumtuliza kwa muda mrefu. Sauti ingeweza kufanana, sawa. Je, na kitenge? Na maganda?

"Tabitha, bibi huyu mmemtoa wapi?"

"Kwa kampuni. Wamesema ni wa kutengenezwa, hakuna mtu nyuma yake."

"Hakuna mtu," Ikupa alirudia, kwa sauti ile anayomjibia dereva wa lori anaposema nyuma hakuna mzigo.

*

Makao ya Wazee ya Tulia yalikuwa kilimani, juu kidogo ya mji wa Tukuyu, mahali ambapo mvua haina adabu ya kupumzika. Geti lilimtambua Ikupa kabla hajateremka kwenye gari.

"Karibu, Ikupa. Mama amelala vizuri, na leo amemaliza uji wake wote."

Siku zote salamu ile ilimpendeza. Leo aliisikia vingine. Alisimama akalitazama lile geti kutoka juu hadi chini.

"Ya mama unayajua. Na mimi umenipima nini?" aliuliza. Geti likafunguka.

Mama yake, Bibi Subilaga, alikuwa barazani, amejifunika kanga mbili, akitazama ukungu. Shingoni alivaa Msiri. Kila mzee wa Tulia alikuwa na Msiri wake, kitu cha ukubwa wa kifungo cha koti, kinachosikia kila neno, kinachohesabu mapigo ya moyo, kinachojua mtu ameota nini akaamka analia. Maradhi ya usahaulifu yalipomnyang'anya mzee jambo, Msiri alimnong'oneza, akamrudishia. Ikupa alipomleta mama yake pale aliuliza maswali kama mtu anayekagua kontena, na aliahidiwa kwamba kinachoingia kwa Msiri hakivuki ukuta wa Tulia.

Mama aligeuka. Alimtazama Ikupa kwa yale macho ya heshima ambayo mtu humpa mgeni asiyemjua. Halafu kichwa chake kikainama kidogo upande wa Msiri, akasikiliza, na uso wote ukafunguka.

"Ikupa! Ugonile, mwanangu!"

Ikupa alimkumbatia. Kile kitambo kidogo cha kabla ya jina kilikuwa kinamuuma kila mara, lakini alishajifunza kukiruka, kama mtu anavyoruka dimbwi la maji mlangoni kwake. Baada ya pale alikuwa na mama yake mzima, anayeuliza kama amekula na kwa nini amekonda.

Chai ililetwa. "Nikutilie nini, mama?"

"Ile tamu, basi. Vijiko viwili, wasione."

Kwa hiyo mwiko bado upo, Ikupa aliwaza. Aliyakoroga mashaka yake pamoja na chai, kisha akauliza kwa upole alioufanyia mazoezi njia nzima.

"Mama, Lugano ni nani?"

Mama aliweka kikombe chini. Hakumtazama binti yake. Alikiinua kile kifungo, akakiuliza kama mtu anavyomuuliza mtoto aliyeonywa asiropoke.

"Umesema?"

"Sijasema, Mama Ikupa," Msiri alijibu. Ilikuwa sauti ya mama mwenyewe, ya miaka mingi nyuma. "Siri zako ni zako."

Jambo la ajabu ni kwamba Ikupa alikiamini. Alikwisha kuwaona waongo wa kila aina, na hiki hakikuwa mmoja wao. Mzigo ulitoka kwa mlango mwingine, na mwenye funguo za milango alikuwa ndani, ofisini.

*

Meneja wa Tulia, Bwana Lwitiko, alikuwa mtu mnene mwenye tabasamu la kukaribisha wageni, na Ikupa alianza kulishuku lile tabasamu kabla hajakaa.

"Ni kweli kuna ushirikiano na kampuni ya hadithi," meneja alisema, bila kuzunguka sana. "Bila ule, makao haya yangefungwa. Lakini taarifa zinasafishwa kwanza, dada yangu. Tunaondoa majina ya watu wote, vijiji, magonjwa. Sauti inalainishwa. Kinachobaki ni bibi tu, bibi wa mtu yeyote."

"Mmeondoa majina ya watu. Mbona Lugano amebaki?"

Meneja aligusa meza yake, maandishi yakapita juu ya kioo, akayasoma kimya. Tabasamu lilipungua.

"Hana kitambulisho," alisema. "Hakusajiliwa popote, wala kuzaliwa wala kufa. Mtambo unaosafisha ulimchukua kama mhusika wa hadithi."

Ikupa alihisi machozi ya hasira yakimpanda, akayameza. Hakutaka kulia mbele ya mtu huyu.

"Na nani aliwaruhusu?"

"Mama mwenyewe. Tuna ridhaa yake kwa sauti. Hatufanyi kienyeji hapa." Aliicheza ile sauti iliyorekodiwa.

*Mimi Subilaga, mke wa Anyosisye Asukile, naridhia simulizi na kumbukumbu zangu zitumike kama nilivyoelezwa.*

Ilikuwa sauti ya mama kabisa, pamoja na ile mikwaruzo ya asubuhi.

"Rudia," Ikupa alisema. Meneja akarudia. "Huyo si mama yangu. Mama hawezi kulitaja jina la baba mkwe."

"Dada Ikupa, nakuelewa. Mimi pia ni wa huku huku, mama yangu alikuwa hivyo hivyo. Lakini maradhi haya huanza na miiko. Nimewaona hapa wachungaji wanatukana. Siku ile labda ilimtoka."

Neno hilo lilimgonga, kwa kuwa lingeweza kuwa kweli. Kwa muda Ikupa hakujua amshuku nani, meneja au ugonjwa wa mama yake. Kisha akakumbuka vijiko viwili vya ile tamu, na moyo ukaimarika.

"Hii imesafishwa. Nataka ile iliyotoka mdomoni mwake."

"Ya awali haichezwi kwa wageni."

"Bwana Lwitiko, mimi nimekesha na watu wanaoapa kwa Mungu kwamba jeneza lina maiti. Icheze."

Ilimchukua meneja muda kuipata, na Ikupa aliona kwamba hata yeye hakuwahi kuisikiliza. Mwanzoni palikuwa na mlio wa vyombo. Kisha mama akasema, "Mimi Subilaga, mke wa Anyosisye..." akanyamaza. Sauti ya muuguzi ikamhimiza. Mama akacheka kile kicheko chake cha aibu, akasema, "Hapo mtajaza wenyewe, kama benki." Kikombe kikawekwa mezani. Basi. Hapakuwa na kitu kingine.

Mvua iligonga bati. Meneja alifuta paji la uso.

"Mtambo umetengenezwa kuziba mapengo," alisema taratibu. "Wazee husahau, hukatisha maneno. Unakadiria mtu alitaka kusema nini, unamalizia. Jina lilikuwa kwenye kumbukumbu zetu. Ukalijaza, halafu..."

"Halafu ukaendelea."

"Ukaendelea," meneja alikubali. "Na ile 'ile tamu' yake ukaiona ni kosa la msamiati, ukasahihisha."

Meneja alisogea mbele kitini, na safari hii hakutabasamu, jambo ambalo lilimtia Ikupa wasiwasi zaidi.

"Sheria iko wazi. Ridhaa ikiwa batili, kila kilichojengwa juu yake kinafutwa. Bibi wa kukodi ataondoka. Lakini na Msiri pia, dada yangu. Ni mzizi mmoja, hautenganishiki. Na unajua bila Msiri mama atakuwaje." Alimsogezea kioo. "Au wewe, kama mtoto wake wa kumzaa, uweke ridhaa leo, kwa niaba. Mimi nitahakikisha hadithi ya Lugano inatolewa. Mengine yanabaki, na mama anabaki na wewe. Gusa hapo tu."

Ikupa alikitazama kile kioo. Kidole chake kilikuwa karibu sana. Alimtaka mama yake. Alilitaka lile jina lake mdomoni mwa mama yake kila Jumamosi, na kulitaka huko hakukuwa dhambi. Lakini mashaka yake, yaliyozoea kuchungulia mabuti ya watu, safari hii yalimgeukia mwenyewe. Akigusa pale, je, anaziba pengo la mama kwa ajili ya mama, au naye anajaza anachokitaka yeye? Hiyo kazi mtambo ulishaifanya.

"Nitamuuliza mwenyewe," alisema, akanyanyuka.

*

Alimweleza mama pole pole, kwa maneno ya nyumbani. Kwamba kile kifungo kina pacha wake. Kwamba pacha anakaa kwenye nyumba za watu na kuwasimulia watoto. Kwamba Lugano anasimuliwa watu wakila wali.

Mama alisikiliza, kichwa kimeinama. Msiri alimsaidia kushika uzi, akimkumbusha kilichosemwa kila ulipomponyoka. Ilikuwa ajabu, na Ikupa aliona aibu kidogo, kukitumia kile kitu kujadili kifo chake chenyewe.

"Nilikiambia kwa sababu hakina miguu ya kwenda sokoni," mama alisema mwishowe.

"Kimeshafika sokoni, mama."

"Watoto wanamcheka?"

"Hapana. Wanasikiliza."

Mama alitikisa kichwa polepole. "Hata kama. Huyo si wa kusikilizwa na kila mtu. Kifutwe."

"Mama." Ikupa alimshika mkono. "Kikifutwa hutanijua. Nitakuja hapa nawe hutanijua mimi ni nani."

Mama alikishika kile kifungo, akakiachia.

"Wewe utanijua?"

"Nitakujua."

"Basi mmoja wetu anatosha." Alijifunga kanga yake vizuri, kama mtu anayejiandaa kwa safari. "Ila huyu mtoto asibaki hana mtu. Sogeza kiti. Na hicho kivue, ukiweke kule mbali, nikuambie wewe kwa kinywa changu kabla hakijanitoka."

Ikupa alimvua kile kifungo, akakiweka ndani, chini ya mto. Mama alisimulia haraka haraka, akirudi nyuma, akipotea, akijishika tena. Alisimulia mvua ile, na mkunga aliyechelewa, na vidole vya mtoto vilivyokuwa virefu kama vya babu yake, mwenye jina ambalo halitajwi. Alisimulia mambo ambayo kisanduku cha Tabitha hakikuyajua, na ambayo sitayaandika hapa, maana hayakusemwa ili yaandikwe.

"Alikuwa wa kwanza wangu," alisema. "Siku zile chache, kisimani, waliniita Mama Lugano. Nilikuwa naitika kabla hawajamaliza. Nilipenda mno! Baadaye ukaja wewe, wakaniita kwa jina lako, na lile likazikwa naye. Usinielewe vibaya, mwanangu. Na lako nililipenda."

Ikupa alilia wazi wazi, bila kujificha, na mama akamfuta machozi kwa pindo la kanga. Kisha mama alitazama ukungu, akamgeukia tena, na macho yake yakawa yale ya heshima.

"Pole, mwanangu," alimwambia mgeni. "Umefiwa?"

*

Meneja alifuta kila kitu mbele ya macho ya Ikupa, ambaye alidai kuona kila hatua. Hata hivyo hakuamini. Kwa wiki kadhaa, akipita mitaani Kasumulu, alipunguza mwendo kila alipoona dirisha lenye sauti ya bibi, akasimama akijifanya anafunga kamba ya kiatu. Kwa Tabitha kisanduku kilikuwa na bibi mwingine, mwenye lafudhi ya pwani, na watoto walimnung'unikia Ikupa kwamba huyu mpya hadithi zake hazina majogoo. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akaondoka bila kula.

Jumamosi aliyokwenda Tulia, geti lilisema karibu tu, kama linavyomwambia kila mtu. Mama alikuwa barazani. Shingoni hapakuwa na kitu, ila alama ndogo ya duara mahali kifungo kilipokaa miaka ile yote. Aligeuka, akamtazama Ikupa. Ikupa alingoja kichwa kiiname upande, ingawa alijua hakitainama.

"Karibu, mwanangu, keti," mama alisema. "Kama chai imekuja, nitilie na mimi. Na ile tamu usiisahau."

Ikupa alitia vijiko viwili, akakoroga. Alimsogezea kikombe.

"Umekuja kumwona nani?"

"Nimekuja kumwona mama yangu."

"Vizuri. Watoto wa siku hizi hawaji." Mama alinyoosha shingo kuangalia wazee wengine barazani. "Anaitwa nani? Nisaidie kumwita, masikio yao haya hayasikii."

Jina lake mwenyewe lilimjia Ikupa mdomoni. Mama Ikupa. Alikuwa analitamani tangu getini. Aliliacha.

"Mama Lugano," aliita.

"Abee," mama aliitika, jina likiwa bado halijaisha.